Jina la Fundi Sanduku

Mume wangu Wilfrido ana ugonjwa wa kukwangua. Enzi zetu santuri ikiingia nyumbani, kabla haijapigwa hata mara moja, alikaa nayo barazani na wembe, akaikwangua lebo mpaka karatasi yote ikaisha, likabaki duara jeupe lisilo na neno. Wenye picó, ile mitambo mikubwa ya muziki wa mtaani, wote wa hapa Barranquilla walifanya hivyo. Wimbo ukipendwa, mwenzako asijue umeimbwa na nani wala umetoka wapi, asije akautafuta bandarini naye akawa nao. Wimbo ulikuwa wako peke yako, na watu walivuka mji mzima kuja kuusikia kwako.

Nyingi zilitoka Afrika, mabaharia wakizileta, na maneno yake hatukuelewa hata moja. Tukazibandika majina yetu. Mmoja tuliuita Mama Mkwe, kwa sababu gitaa lake halijui kunyamaza. Mwaka juzi kijana mmoja wa redio alikuja kumbembeleza Wilfrido amwambie jina halisi la Mama Mkwe. Wilfrido akakunja uso, akasema hiyo ni siri ya nyumba hii, na kijana akaondoka akimheshimu zaidi. Mimi niliyekuwa nakaanga jikoni nilijua hakuna siri yoyote. Alikwangua, halafu akasahau. Leo jina la wimbo ule halijui yeye, halijui mtu yeyote wa pwani hii.

Nimeanza na wembe kwa sababu aibu iliyotupata Jumapili iliyopita ilitoka humo humo.

Picó yetu inaitwa Mamba Macho. Ni kabati la spika kubwa kuliko mlango wa kanisa, na mbele limevikwa kitambaa kilichochorwa mamba mwekundu aliyefungua jicho moja. Mchoraji alitia sahihi yake pembeni, herufi kubwa, kila mtu anaisoma. Lakini si mamba aliyewavuta watu, ni besi. Picó za zamani zilipiga kelele tu, ukienda hatua chache unasikia mluzi na mikwaruzo. Mamba alipowashwa mara ya kwanza katika mtaa wetu wa Rebolo, besi ilitembea ardhini ikazunguka kona, na wanawake waliokuwa kisimani mtaa wa pili waliweka ndoo chini wakashika vifua. Mimi nilikuwa mmojawapo. Nadhani siku ile niliolewa upya na ile besi, Wilfrido akawa nyongeza.

Sanduku lile halikuundwa na Wilfrido. Liliundwa na Fundi Sanduku, seremala anayekaa milango miwili kutoka kwetu. Alikuja mjini kijana kutoka vijiji vya mtoni, amejitwika kichwani sanduku la randa na misumeno lililokuwa kubwa kuliko yeye. Wilfrido alikuwa amekaa kibarazani pale kona na wenzake, akamwona, akapaza sauti, "Jamani, tazameni, sanduku limeota miguu!" Tangu siku ile akawa Fundi Sanduku. Kwetu jina la utani likishakuganda ndilo hilo, hata mkeo atakuita hivyo, hata padri.

Walilitengeneza uani kwetu, Wilfrido akishika mbao, Fundi akifikiri. Alisema sauti nene haitaki kusukumwa nje kwa pupa, inataka safari. Basi nyuma ya spika akajenga njia ya mbao iliyopinda na kurudi na kupinda tena, ikipanuka kidogo kidogo mpaka mdomoni. Tuliiita utumbo. Alibomoa na kuanza upya mara nyingi mpaka Wilfrido akawa anatukana kwa hasira. Akitaka kupima, alimtuma Wilfrido awashe, yeye akaenda kona ya mbali, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba ya watu na kufumba macho. Wenye nyumba walidhani anauombea.

Besi ilipokubali, Wilfrido akamkalisha Fundi mezani. Nilikuwa napakua supu, nilisikia kila neno. Alimwomba asimwambie mtu yeyote nani aliyeiunda picó, wala asimtengenezee mwingine kama ile. "Wewe ni kama santuri yangu, Fundi," alimwambia. "Wakikujua watakuchukua. Mamba akishakuwa mfalme wa karnivali, nitaandikisha jina lako mbele, juu ya mamba mwenyewe."

Fundi akakubali. Mamba akawa mfalme wa karnivali, na si mara moja. Juu ya mamba hapakuandikwa kitu.

Wenye picó wengine walimjia Fundi na maneno matamu, maana walihisi. Aliwaambia yeye ni mtu wa kabati na milango. Na kweli akaishia kuwa mtu wa kabati na milango, maana ahadi ilimfunga mikono. Kisha mwaka mmoja Mamba alianguka kutoka kwenye lori mchana kweupe, akapasuka mgongo, na nusu ya mji ikachungulia utumbo. Kuanzia hapo waliiga wote. Leo nenda Cartagena, nenda Santa Marta, kila sanduku lina utumbo, na vijana wanaoyaunda wakiulizwa nani aliyeanzisha wanakutazama kama umewauliza nani alibuni mvua. Hata siri ilipokuwa imekwisha kumwagika barabarani, Fundi aliendelea kuitunza. Wilfrido naye akaendelea kusema alioteshwa.

Miezi michache iliyopita akaja binti mmoja, Yuranis, kutoka kamati inayokusanya habari za picó za zamani. Binti mchangamfu, mwenye kinasa sauti na hamu ya kula. Alikula carimañola zangu, hizi za muhogo uliopondwa na kutiwa nyama, mpaka nikampenda. Akamwuliza Wilfrido nani aliunda sanduku. Niliacha kukaanga. Wilfrido akajipangusa mdomo, akasema, "Mimi mwenyewe, binti yangu. Nilioteshwa." Yuranis akasema basi watakuja kumfanyia Mamba sherehe mtaani, na kumpigilia kibao cha shaba chenye jina la muundaji, kikae milele.

Alipoondoka nilimwambia mume wangu kwamba mdomo wake utaoza. Akanijibu nisimchoshe, mambo ya zamani hayo, na Fundi hajawahi kulalamika. Ndivyo tulivyo. Mtu asipolalamika tunaona tumeshamlipa.

Wiki ya sherehe ikafika, Wilfrido akamwasha Mamba kumjaribu, na Mamba akakohoa. Besi ilitoka na mtetemo mbaya, kama mtu anayezungumza na kijiko mdomoni. Akakaza skrubu, akabadilisha nyaya, akalaani umeme wa mji. Mwisho akafanya alichokuwa anakikwepa, akamwita Fundi Sanduku.

Fundi alikuja na bisibisi moja na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aligonga sanduku kwa vifundo vya vidole, upande huu, upande ule, akatulia chini kulia, akasema ni mchwa, wameingia kwenye utumbo. Akafungua mgongo. Akakaa uani kwetu siku mbili akikata mbao mpya, na mimi nikimpelekea chakula nilimwona akipitisha kiganja ndani ya ile njia iliyopinda, taratibu, kama anavyoshikwa mgongoni mtoto anayelala.

Siku ya pili, akiwa anafunga, akamgeukia Wilfrido. Alikuwa anaona haya kidogo, kama kijana wa posa.

"Wilfri," akasema, "nimesikia kuna kibao."

"Kipo," Wilfrido akasema.

"Nimelipiga pasi lile shati langu jeupe la mifuko minne. Nivae hilo? Au ni makuu mno?"

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa nafasi yote ambayo mwanamke anaweza kumpa mwanamume kwa macho. Akajipapasa shingo, akatazama juu kwenye paa la mabati, akasema, "Vaa, Fundi. Shati zuri hilo."

Fundi akatabasamu, akaendelea kukaza skrubu. Mimi nilirudi jikoni, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Yule mzee alidhani ile ahadi aliyopewa imetimia.

Nilimvamia Wilfrido Fundi alipovuka tu lango. Nilimwita majina ambayo sitayarudia. Akajitetea kwanza, kwamba kibao kimeshachongwa, kwamba watu watamcheka, kwamba atasemaje kwa yule binti. Nikamwambia asiposema yeye pale mbele ya watu, mimi nafunga mizigo naenda kwa dada yangu, mji wa Soledad, na atajikaangia mwenyewe mpaka afe. Halafu akakaa kwenye kiti chake cha kutikisika bila kukitikisa. Jioni akaniambia, "Nitasema." Nikamhurumia, lakini si sana.

Jumapili mchana mtaa ulijaa. Walifunga barabara, wakaweka viti vya plastiki kivulini, na Mamba akasimamishwa katikati, jicho lake jekundu limefunguka. Alipowashwa, besi ilitoka safi, ikatupita miguuni. Wazee waliokuwa hawajacheza tangu mafuta yao ya nywele yaishe walicheza. Kibao kilikuwa kimepigiliwa pembeni na kufunikwa kitambaa. Fundi Sanduku alikaa safu ya mbele katika shati lake jeupe, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, akitazama kile kitambaa.

Yuranis akasema maneno yake mazuri, watu wakapiga makofi. Kisha akampa Wilfrido maiki. Mume wangu amezungumza kwenye maiki maisha yake yote, anatukana picó nyingine kwa ufasaha usio na mfano. Siku hiyo aliigeuza geuza mkononi mpaka operata, anayetuendeshea mitambo, akadhani imezima.

"Sanduku hili sikuliunda mimi," akasema hatimaye. "Sikuoteshwa kitu. Nilidanganya. Aliliunda huyu hapa, Fundi Sanduku, na mimi nilimfunga mdomo ili sifa zibaki kwangu."

Wazee wa mtaa wakaanza kupiga makofi na miguu. Kumbe wengi walikuwa wakijua, au walijifanya walikuwa wakijua. Nilianza kulia, nikasema afadhali, mume wangu ni mtu. Fundi alikuwa ametazama chini, akijiminya vidole. Nilidhani yamekwisha, tena yamekwisha vizuri.

Yuranis alifurahi kweli kweli. Akasema kibao hiki hakifunuliwi, kitachongwa kipya, na kwa leo ataandika jina kwa kalamu nene kwenye karatasi, libandikwe hapo hapo watu wapige picha. Akavua kifuniko cha kalamu, akamgeukia Wilfrido.

"Don Wilfrido, jina lake kamili ni nani?"

Maiki ilikuwa bado inafanya kazi, swali likatoka katika sanduku zima. Wilfrido akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta, macho yakikimbia kama mtu aliyepoteza ufunguo na mvua inakuja.

Basi akanigeukia mimi. Akanitazama kama ninavyomtazama yeye chumvi ikiisha. Na mimi, ninayempa yule mzee carimañola kila asubuhi, niliyempikia siku mbili za juzi, niliyekwenda kwenye mazishi ya mke wake na kushika ncha ya sanda, nilijitazama moyoni nikakuta neno Fundi, na baada yake neno Sanduku, na baada yake hakuna kitu. Nikamtazama operata. Operata akamtazama muuza barafu. Swali likapita mtaa mzima likirudi bila jibu.

Kijana mmoja nyuma akapayuka, "Jina ni Sanduku, ukoo wa Mbao!" Watu wakacheka, maana kwetu watu hucheka kwanza. Halafu mmoja akaacha, na mwingine, mpaka akabaki anacheka yule kijana peke yake, naye akaacha. Wilfrido alikuwa ameshusha maiki mpaka kwenye paja. Nimeishi naye ujana na uzee, sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Fundi akainuka. Hakuharakisha. Akamsogelea Wilfrido, akaichukua maiki mkononi mwake kwa upole, kama anavyomnyang'anya nyundo mtu asiyejua kuitumia. Hakuwahi kuzungumza kupitia sanduku lake, hata mara moja katika miaka yote. Aliishika mbali sana na mdomo.

"Sigifredo Altamar Polo," akasema.

Sauti yake ikaingia kwenye utumbo aliouchonga mwenyewe, ikapinda, ikarudi, ikatoka nene, ikazunguka kona. Yeye mwenyewe alishtuka, akarudi nyuma hatua moja. Akageuza kichwa, akasikiliza jinsi inavyoishia huko mbali. Kisha akamwambia Wilfrido, bado kwenye maiki, "Chini kulia bado inalegea kidogo. Kesho nitakuja niikaze."

Yuranis akamwomba alirudie aandike. Akalirudia, akamtajia herufi moja moja, maana hakuna aliyejua linavyoandikwa. Karatasi ikabandikwa juu ya jicho la mamba, watu wakapiga picha. Fundi alisimama kando yake ameweka kiganja kwenye mbao, na katika picha zote anatazama pembeni. Wilfrido hayumo hata katika moja. Alikuwa nyuma ya sanduku, ameketi kwenye kreti la bia, ameshika kichwa.

Nilimfuata. Akaniambia bila kuinua uso, "Mimi ndiye niliyempa lile jina, Nubia. Pale kona. Hata sikumwuliza la kwake." Mimi pia sikuwahi kumwuliza. Tulikaa pale wawili, muziki ukipiga upande wa pili, tukasikia operata ameweka Mama Mkwe na mtaa mzima unaucheza.

Jumatatu asubuhi Wilfrido hakula. Alitoka barazani na santuri zake, akawa anazigeuza moja moja kwenye mwanga, akitafuta kama wembe uliacha herufi yoyote. Nilikaanga carimañola, nikachagua zilizonona, nikazifunga kwenye kitambaa safi badala ya gazeti, nikaenda mwenyewe kwa mzee kabla hajaja yeye. Njiani nilikuwa nalifanyia mazoezi jina lake, kimya kimya, nisije nikakosea.

Alikuwa uani kwake, amenipa mgongo, anapiga randa mlango wa mtu. Nikasimama langoni.

"Don Sigifredo," nikaita kwa heshima zote.

Randa ikaendelea. Nikadhani ni kelele ya mbao. Nikangoja avute pumzi, nikaita tena, kwa sauti, "Don Sigifredo Altamar." Akapuliza unga wa mbao, akapima ukingo kwa jicho moja, akaendelea. Si kiziwi yule mzee. Kuku aliparura nyuma ya pipa, nikamwona akigeuza kichwa kumtazama.

Jirani yake, mama mmoja aliyekuwa ameshinda Jumapili kwa binti yake, mji wa Ciénaga, akachungulia juu ya ukuta. "Unamtafuta nani, Nubia?" akaniuliza. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Nikaita mara ya tatu. Hakugeuka. Tangu mama yake afariki huko mtoni, nafikiri hakuna aliyemwita hivyo, na sikio lake lilikwisha acha kulingoja.

Chakula kilikuwa kinapoa mikononi mwangu. Nikashindwa, nikasema, "Fundi Sanduku."

Akageuka papo hapo, akitabasamu, akijipangusa mikono kwenye suruali. "Ah, Nubia. Leo zina nyama?"

Nikamwambia zina nyama, nikampa, nikarudi nyumbani bila kuweza kumtazama usoni.